Je, wajua kwa nini ukinyoosha picha iliyopinda simu inakula pembeni?

Umepiga picha pale Mama Ngina, Mombasa, jioni, watoto wamejipanga mstari na bahari nyuma yao, kuja kuangalia bahari yote imelala upande utadhani maji yanamwagikia Likoni. Unaingia kwa editi, unaizungusha kidogo, bahari inakaa sawa, halafu mtoto wa mwisho kakatwa mkono. Mbona sasa, si ulitaka kunyoosha tu?

Chukua picha ya karatasi, iweke ndani ya fremu ya mbao ya saizi ile ile halafu izungushe kidogo. Pembe za karatasi zitatoka nje, na ndani ya fremu zitabaki nafasi nne za pembetatu hazina kitu. Simu haitaki kukupa picha yenye mapengo, kwa hivyo inaikuza mpaka mapengo yote yatoke nje ya fremu, na vya pembeni vinaenda navyo. Yaani kila ukinyoosha umekropu, umekata pembeni, utake usitake.

Na si kidogo ati. Picha ya kawaida ya simu, ile ya 4 kwa 3, ukiizungusha digrii 2 inapoteza kama asilimia 9 ya eneo lake, digrii 5 inapoteza kama asilimia 19, na digrii 10 karibu theluthi imekwenda. Hapo megapikseli 12 (yaani vinukta milioni 12 vya picha) zimebaki 8 na kidogo, na kuprinti A4 kwa nukta 300 kwa inchi unataka karibu 8.7, hazifiki.

Lakini mbona jicho linasumbuka na bahari iliyopinda digrii mbili tu? Macho yetu ni makali zaidi kwa mstari uliolala au uliosimama wima kuliko wa mshazari. Halafu ukiwa ufuoni ukiinamisha kichwa huoni bahari ikiinama, manake sikio la ndani linauambia ubongo chini ni wapi, ila picha ina kingo zake na jicho linalinganisha bahari na kingo hizo moja kwa moja, hakuna cha kuitetea.

Sasa hapa ndo wengi wanaharibu: wananyoosha kwa mstari usiofaa. Pale bahari inapokutana na mbingu ni sawa kabisa, huo uamini. Lakini ukiwa kwenye feri Likoni ukapiga ng'ambo, ufuo ule unaweza kuonekana umeteremka kwa sababu tu upande mmoja uko mbali zaidi na wewe, ukiulazimisha ulale sawa basi feri na watu wote wataegemea. Hapo tafuta kitu kilichosimama wima karibu na katikati ya picha, mlingoti au nguzo ya taa. Pembe za Ndovu, yale matao ya pale Moi Avenue, zenyewe zimepinda, usizitumie, angalia kona za majengo yaliyo nyuma. Na jengo refu ulilolipiga ukiinua simu juu, kuta zake zinakaribiana kileleni, hilo kuzungusha hakulitibu hata uzungushe mpaka kesho, linataka ile sehemu ya perspektivi, ya kusimamisha kuta zilizoegemeana, nayo pia inakata pembeni.

Kwa hivyo dawa inaanza kabla ya kubonyeza. Washa gridi, ile mistari ya kusaidia, kwenye kamera, bahari ilinganishe na mstari wake, halafu rudi nyuma hatua moja uache nafasi kila upande, hasa miguuni. Ukija kuediti nyoosha kwanza, kropu baadaye, manake kunyoosha kutakula pembeni na ukishakropu kwa kubana hakuna tena cha kuliwa ila watu. Ukikata mtu, kata kiunoni au katikati ya paja, usikate kwenye goti wala kifundo cha mguu, anaonekana kama mguu umekatika.

Na editi ile orijino iliyo kwenye simu, si ile iliyorudi kutoka WhatsApp, hiyo mara nyingi imeshapunguzwa pikseli na ukiinyoosha tena unapunguza kilichopunguzwa.