"Unasikia nini?" "Nasikia jenereta"

Swali langu lilikuwa la kawaida kabisa: "Unasikia nini?" Yule baba alinyamaza, akageuza kichwa kidogo upande wa dirisha, kisha akajibu: "Nasikia jenereta."

Hakuwa akifanya mzaha. Umeme ulikuwa umekatika, jirani kawasha jenereta yake, nayo kweli ilikuwa inanguruma. Hapa Lubumbashi kusikia ni neno lenye mzigo mkubwa: tunasikia sauti, tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia huzuni, na jambo likikuingia vizuri akilini unasema umelisikia. Mimi niliuliza la huzuni, yeye akajibu la masikio. Kosa lilikuwa langu, na naona haya kusema nililirudia kwa watu wangapi kabla ya kulishtukia.

Mimi ni mwanasaikolojia. Wengi ninaowapokea ni watu wazima ambao ubongo wao umeundwa kivingine: wenye usonji (autisme kwa Kifaransa), wenye TDAH, yaani ile shida ya umakini na kutotulia tunayoiandika kwa herufi za Kifaransa, na wenye vyote viwili. Huyu baba (nimebadilisha mambo kadhaa asije akatambulika) ni fundi wa kuchomelea vyuma huko Katuba. Mama yake alipofariki, hakulia. Siku zote za matanga alikuwa nyuma ya nyumba akikagua viti vya chuma vilivyokodiwa na kuchomelea miguu iliyoachia. Alijua viti ni vingapi na vingapi vimerudi. Sasa, kwetu mtoto mwanaume asiyelia mama yake hatazamwi kwa jicho jema. Shangazi mmoja alisema mbele ya watu kwamba huenda huyo anajua kilichomuua marehemu. Msomaji wa hapa anaelewa uzito wa maneno kama hayo. Kwangu fundi alilisema hilo mara moja tu, akiangalia viatu vyake: "Mi siko mulozi, dokta." Yaani yeye si mchawi.

Hali yake ina jina: aleksithimia. Daktari wa magonjwa ya akili Peter Sifneos ndiye aliyelibuni mwanzoni mwa miaka ya 1970, kutokana na maneno ya Kigiriki, kwa maana ya kukosa maneno ya hisia. Si ugonjwa, ni namna mtu alivyo. Uchambuzi uliokusanya tafiti kadhaa, uliochapishwa 2019, ulikuta karibu nusu ya wenye usonji wanayo, ilhali kwa watu wengine ni kama mmoja kati ya 20. Lakini igeuzeni hesabu hiyo: nusu nyingine ya wenye usonji hawana. Ninao wanaoeleza hisia zao vizuri kuliko mimi. Na hata walio nayo, hisia wanazo. Ni kama mita ya umeme ambayo kioo chake kimekufa: umeme unatumika vilevile, ila huoni namba.

Kioo hicho kiko wapi? Tunayo hisi ya kusoma mwili kutoka ndani: mapigo ya moyo, pumzi, njaa, haja ndogo. Sehemu ya ubongo iitwayo insula inahusika sana nayo. Kwa wengi ninaowaona hisi hiyo ama iko chini mno ama inapiga kelele bila mpangilio. Ndiyo maana huwa nauliza mapema: unajuaje kwamba una njaa? Fundi wangu alijibu kwamba anajua mikono ikianza kutetemeka kwenye kazi.

Lipo dodoso maarufu la maswali 20 lililotungwa Toronto. Ukifikisha alama 61 unahesabiwa kuwa na aleksithimia. Nalitumia, ila silisujudii. Linamtaka mtu asiyeweza kusoma hisia zake aeleze jinsi anavyozisoma.

Wiki chache baada ya mazishi alianza kuumwa tumbo. Zahanati moja ilimtibu typhoid mara tatu, na mara ya tatu hakuna hata aliyempima. Ningependa nicheke. Tumbo lipimwe kwanza, tena lipimwe kweli. Si kila maumivu ni huzuni, na malaria haingoji mwanasaikolojia. Vipimo vyake vilipotoka safi ndipo nilipompa daftari la shule, la mistari. Nilimkataza kuandika hisia. Aandike saa, mwili ulifanya nini, na alikuwa wapi. Kazi ya vipimo anaipenda, kwa hiyo aliijaza kama anavyojaza hesabu za vyuma.

(Wenye TDAH huwa nawapa daftari hilohilo kwa sababu tofauti kabisa. Kwao hisia hufika zote kwa pamoja, kabla ya akili kuvaa viatu. Nitawaandikia siku nyingine.)

Baada ya wiki 5 tulifungua daftari mezani. Tumbo lilikuwa limeandikwa Jumapili 4 kati ya 5, kati ya saa 9 na saa 11 jioni. Nikamwuliza Jumapili saa hizo alikuwa akifanya nini mama yake alipokuwa hai.

"Nilikuwa namupelekea makala." Makala kwetu ni makaa ya kupikia.

Alikaa kimya muda mrefu. Sikumwuliza anasikia nini. Hilo nilikuwa nimeshajifunza. Baadaye akaweka kiganja juu ya kitovu, kama mtu anayekagua chuma kama kimepoa.

"Kumbe iko mu tumbo," akasema.

Mke wake ananiambia bado halii. Siku hizi fundi akinyamaza humwambia mkewe, "Leo ni tumbo ya Jumapili," na mama huyo huwapeleka watoto uani. Mwezi uliopita fundi aliniletea ukurasa mmoja nisome: Jumapili, saa 10, makaburini, msalaba wa mama umelegea, nimeuchomelea upya, tumbo imetulia saa 12. Jumapili iliyofuata lilirudi. Hilo pia alikuwa ameliandika.