Je, wajua kwa nini milioni moja ya kazi huru haifikii mshahara wa milioni moja?

Siku hizi si ajabu kumkuta kijana wa Njiro, Arusha, au wa Rau, Moshi, akitafsiri nyaraka, akisanifu nembo au akijibu maswali ya wageni wa kampuni ya utalii akiwa sebuleni kwake, bila kuajiriwa na mtu. Wanaotamani kumfuata huanza kwa kulinganisha mapato: mimi ofisini nalipwa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, naye anapata kiasi hicho hicho bila kugombania daladala. Ulinganisho huo una kasoro, kwa sababu mshahara hubeba mambo mengi ambayo mwajiriwa hayaoni mpaka ayakose.

Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake, hivyo kwa mshahara huo mwajiri huongeza angalau shilingi 100,000 kutoka mfukoni mwake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 yenye malipo kila mwaka, likizo ya uzazi ya siku 84, na likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Anayefanya kazi huru akilazwa kwa malaria wiki nzima, wiki hiyo hailipwi na mtu yeyote.

Tufanye hesabu. Anayetaka kubaki na shilingi 1,000,000 kila mwezi anahitaji 12,000,000 kwa mwaka. Akijilipia ile sehemu ya mwajiri katika NSSF, ambako mtu aliyejiajiri anaweza kujiandikisha kwa hiari, inakuwa 13,200,000. Akipumzika mwezi mmoja kama wenzake, fedha hizo lazima zipatikane kwa miezi 11, yaani 1,200,000 kwa mwezi. Na kama wateja wake wote wanatoka Fiverr, jukwaa linalokata asilimia 20 ya kila malipo, basi kazi anazouza kila mwezi lazima zifikie 1,500,000. Hapo hatujagusa bando, umeme wa LUKU, kompyuta itakayochakaa wala kodi ya mapato. Hatujagusa pia saa zisizolipwa, nazo si chache: kutafuta wateja, kuandika maombi ya kazi, kurekebisha kazi iliyokwisha kukabidhiwa na kukumbushia malipo. Kwa maoni yangu, hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu hupanga bei kwa kuangalia saa za kazi yenyewe pekee.

Mapato hayo pia hayaji kwa mpangilio. Arusha na Moshi zinategemea sana utalii, na wageni huwa wengi kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha hupungua sana wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Anayeandikia kampuni za utalii ratiba za safari au anayehudumia tovuti zao ataiona tofauti hiyo kwenye akaunti yake, ilhali mwenye nyumba hadai kodi kwa kufuata misimu. Akiba ya kuvuka miezi mitatu ni ya lazima kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, na hata hivyo ni busara zaidi kuanza na wateja wawili au watatu ukiwa bado umeajiriwa, ili mradi mkataba wako haukukatazi.

Mteja wa nje huleta suala la saa. New York inapofungua ofisi saa 3 asubuhi, Arusha ni saa 10 au saa 11 jioni, kutegemea majira ya mwaka, na ofisi hiyo hufungwa huku ikiwa saa 6 au saa 7 usiku. London ni nafuu zaidi, kwani tofauti ni saa mbili au tatu tu. Intaneti nayo ihesabiwe: Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mawasiliano yalidorora nchini kote, na kuwa na laini za kampuni mbili kusingesaidia sana, ingawa kwa hitilafu za kila siku husaidia.

Halafu kuna familia. Kwa wazazi wengi, mtu anayeshinda nyumbani hana kazi, kwa hiyo ndiye atakayetumwa dukani, atakayempokea fundi bomba na atakayekwenda kusimamia mambo ya msiba. Moshi hali huwa ngumu zaidi Desemba, ndugu wanaporudi kutoka Dar es Salaam na nyumba ikajaa. Afadhali kueleza mapema saa zako za kazi, na mlango ukifungwa ueleweke hivyo.

Mwisho ni karatasi. Kudai dola 60 kwa mteja aliye ng'ambo ya bahari kutakugharimu kuliko hizo dola, hivyo chukua malipo ya awali na makubaliano ya maandishi. Jisajili TRA upate TIN, na mapato yote yapitie akaunti moja ya benki, maana siku ukiomba mkopo hutakuwa na hati ya mshahara ya kuonyesha.