“Msaliti” aliyehama chuo: mambo tunayoyakosea mashabiki wa kikapu

Januari 2021, msimu ukiwa katikati, Oscar Tshiebwe aliaga Chuo Kikuu cha West Virginia. Ni mtoto wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na mtaani, mrefu wa mita mbili na ushee, aliyecheza soka kabla ya kushika mpira wa kikapu. Siku chache baadaye akatangaza kwamba anakwenda Kentucky. Morgantown, walikokuwa wakimshangilia, watu wakakunja uso. Lexington, safari ya saa chache tu kwa gari, wakampokea kwa mikono miwili.

Kila msimu unapoisha huwa nabishana na wenzangu kuhusu habari za namna hii, na nimeona hasira nyingi zinatokana na mambo ambayo si kweli. Wengi wetu Tanzania tulianza kufuatilia kikapu cha vyuo vya Marekani kwa ajili ya Hasheem Thabeet. Hasheem alikaa Connecticut misimu mitatu, akatoka hapo akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA ya 2009. Tukadhani huo ndio utaratibu: chuo kimoja, kisha NBA. Leo tukisikia mtu yuko chuo cha pili au cha tatu, tunamtazama kama mchezaji wa Simba aliyevuka kwenda Yanga.

“Alikuwa na mkataba, kauvunja”

Tshiebwe hakuwa na mkataba wa kazi na West Virginia. Alikuwa mwanafunzi mwenye ufadhili wa masomo: ada, malazi, chakula, vitabu. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, iliamua mwaka 1973 kwamba ufadhili wa wanamichezo utolewe kwa mwaka mmoja mmoja, na ni mwaka 2012 tu vyuo viliporuhusiwa tena kuahidi zaidi ya hapo. Kwa karibu miaka 40, kocha aliyeona kijana hamfai aliweza kuacha tu ufadhili uishe, kijana akafungasha. Sijawahi kusikia kocha wa namna hiyo akiitwa msaliti.

Wenye mikataba ya kweli ni makocha, na wao wanahama vilevile. John Calipari, aliyempokea Tshiebwe, aliondoka Kentucky Aprili 2024 akaenda Arkansas, tena ndani ya ligi ile ile ya SEC. Tarehe 1 Februari 2025 alirudi Rupp Arena, uwanja wa Kentucky, na timu yake mpya, akazomewa, kisha akashinda 89–79. Kwa hiyo ni kweli kwamba hata kocha huzomewa. Lakini Calipari ni mtu mzima wa miaka zaidi ya 60 aliyevuna mamilioni ya dola kwenye kazi hiyo. Kijana wa miaka 21 aliye mbali na mama yake, anayefungua simu usiku akakuta matusi ya watu asiowajua, hana kinga hiyo.

“Chuo alichokiacha kimevuta hela”

Hapana. Hapa ndipo tunapojikwaa zaidi sisi tuliokulia kwenye usajili wa soka. Kati ya chuo na chuo hakuna ada ya uhamisho kama ile ya klabu na klabu. Baadhi ya mikataba ya miaka hii ya karibuni imeanza kuwa na kipengele cha fidia mchezaji akiondoka kabla ya wakati, lakini mwaka 2021 hapakuwa na kitu kama hicho.

Na hapa nawaelewa kabisa mashabiki wa vyuo vidogo. Dalton Knecht alikuzwa Northern Colorado kwa misimu miwili, akahamia Tennessee, na mwaka 2024 akawa mchezaji bora wa SEC. Waliomvumilia akijifunza wakabaki kumtazama kwenye televisheni. Maumivu yao ni halali. Ninachokataa ni kumpa kijana lawama za mfumo ambao hakuutunga.

“Ni tabia ya vijana wa siku hizi”

Mwaka 1974 kijana mmoja kutoka mji mdogo wa French Lick aliripoti Chuo Kikuu cha Indiana, chini ya kocha Bob Knight. Hakumaliza hata mwezi. Alirudi nyumbani, akafanya kazi za halmashauri ya mji, ikiwemo ya gari la taka, kisha akajiunga na Indiana State. Mwaka 1979 aliifikisha timu hiyo fainali dhidi ya Magic Johnson. Ni Larry Bird.

Hata wale makocha wawili wa mkasa wetu walihama walipokuwa wachezaji. Bob Huggins, kocha aliyeachwa na Tshiebwe, alianzia Chuo Kikuu cha Ohio kabla ya kuhamia West Virginia. Calipari naye alitoka UNC Wilmington akamalizia Clarion.

Kilichobadilika ni kanuni. Zamani aliyehama alilazimika kukaa nje msimu mzima, anafanya mazoezi, anavaa suti siku ya mechi. Aprili 2021 NCAA ilikubali kila mchezaji ahame mara moja bila adhabu hiyo. Desemba 2023 mahakama ya shirikisho huko West Virginia ikasimamisha adhabu kwa waliohama zaidi ya mara moja, na Aprili 2024 NCAA yenyewe ikaiondoa, mradi masomo ya mhusika yawe sawa. Tamaa ya kutafuta mahali panapokufaa ilikuwepo tangu enzi za Bird, ila mlango ulikuwa mwembamba.

“Wote wanafuata hela”

Wapo wanaofuata, na sioni aibu yake. Tangu 1 Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa kwa matangazo yanayotumia jina na sura yake. Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kugawana mapato na wachezaji, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, michezo yote pamoja. Viwanja vilikuwa vinajaa na televisheni ilikuwa inalipa miaka mingi kabla ya hapo, na aliyekuwa anatoka jasho hakupata mgawo.

Lakini angalia tarehe za Tshiebwe. Alihama Januari 2021, miezi sita kabla ya ruhusa ya matangazo. Na ruhusa ilipokuja, haikumfikia kama ilivyowafikia wenzake. Alikuwa Marekani kwa viza ya mwanafunzi, F-1, ambayo kwa ujumla hairuhusu kazi ya kulipwa nje ya chuo. Mmarekani wa benchi aliweza kupiga picha kwenye duka la magari mjini Lexington akalipwa. Yeye, aliyekuwa ametajwa mchezaji bora wa nchi nzima, angefanya hivyo angehatarisha viza yake. Agosti 2022 timu ilipokwenda Bahamas kwa mechi za kirafiki, akazitumia siku hizo kufanya kazi za matangazo huko huko, kwa kuwa hakuwa kwenye ardhi ya Marekani. Siku zake za kuvuna zilihesabika, kisha akarudi darasani.

Vijana wengi wa Afrika wanaocheza kikapu cha vyuo wamebanwa na viza hiyo. Kabla hujamwandikia mmoja wao kwamba kanunuliwa, jua hilo.

“Anabonyeza kitufe, kesho yuko chuo kingine”

Mfumo wa uhamisho wa NCAA ulianza 15 Oktoba 2018. Mchezaji anapeleka ombi la maandishi kwenye ofisi ya kanuni ya chuo chake, na chuo kina siku mbili za kazi kuliingiza jina lake. Jina likishaingia, makocha wengine wanaruhusiwa kumpigia. Lakini chuo chake nacho kinaruhusiwa kumkatia ufadhili muhula ukiisha. Kuna wanaoingiza jina na simu isiite.

Na bado kuna darasa. Caleb Love alitoka North Carolina mwaka 2023 baada ya misimu mitatu, akatangaza anakwenda Michigan. Mpango ukavunjika Mei, kukiwa na taarifa kwamba kikwazo ni masomo yake kutohesabiwa yote kule. Akaanza kutafuta upya, akatua Arizona.

“Atajuta,” au “huko ndiko atakakotoka”

Yote mawili ni kubahatisha. Msimu wa 2021–22 Tshiebwe alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1, akabeba tuzo za Naismith na Wooden, za mchezaji bora wa vyuo nchini. Ungesema mambo yamenyooka. Tarehe 17 Machi 2022, Indianapolis, raundi ya kwanza ya mashindano ya taifa, akafunga pointi 30 na kuokota ribaundi 16, na Kentucky ikafungwa 85–79 kwa muda wa nyongeza na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City. Akarudi msimu mwingine. Drafti ya 2023 ikapita bila jina lake kusomwa. Akaingia kwa mlango wa nyuma kupitia Indiana Pacers, na mwaka 2024 akawa mchezaji bora chipukizi wa G League, ligi inayolisha NBA. Waliomtabiria mabaya na waliomtabiria mazuri, nani alipatia?

“Kumbe hakutupenda”

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu anayeisema huwa anaumia kweli. Nirudi kwa Caleb Love. Msimu wa 2022–23 North Carolina ilianza ikipewa nafasi ya kwanza nchini na ikamaliza bila hata kualikwa kwenye mashindano ya taifa. Lawama nyingi zilimwangukia yeye, kwamba anarusha ovyo. Alipoondoka, wapo walioshukuru. Mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi ya Pac-12 akiwa na jezi ya Arizona.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na 2 Aprili 2022, New Orleans. Nusu fainali, North Carolina na Duke, mahasimu ambao hawakuwahi kukutana kwenye mashindano hayo, na kocha Mike Krzyzewski wa Duke akiwa kwenye msimu wake wa mwisho. Zilibaki kama sekunde 25, North Carolina mbele kwa pointi moja. Love akapata mpira, mbele yake mlinzi wa Duke mrefu kuliko yeye. Akarusha kutoka mbali, pointi tatu, ukaingia. Alimaliza na pointi 28, ubao ukasoma 81–77, na Krzyzewski akatoka uwanjani kama kocha kwa mara ya mwisho. Mtafute shabiki yeyote wa North Carolina leo, hata yule aliyemtukana, mwulize alikuwa wapi mpira ule ulipoingia.