Ridhaa ya Mzazi Kabla ya Somo la Ulimwengu Pepe

Katika miezi ya karibuni dawati letu la ulinzi wa taarifa hapa Mwanza limepokea malalamiko ya wazazi ambao watoto wao hufundishwa ndani ya ulimwengu pepe wa pande tatu, yaani mahali palipotengenezwa kwa kompyuta ambapo mwanafunzi huingia na kutembea kwa umbo la kidijitali, na mengi yanatokana na jambo moja: shule ilifungua akaunti za wanafunzi bila kumwuliza mzazi. Hatuna shaka na nia ya walimu hao, wala hatupingi masomo yenyewe. Mwanafunzi anayetembea juu ya sakafu ya Ghuba ya Mwanza iliyojengwa kwa kompyuta, akaona jinsi furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, walivyopungua baada ya sangara kupandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, huelewa mahusiano ya viumbe kwa namna ambayo mchoro wa ubaoni haumpi.

Hata hivyo, tunaambiwa kila mara kwamba huo ni mchezo tu, na kwamba mtoto anatumia jina la bandia. Tumekwisha kulijibu hili mara nyingi mno. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kuwa mienendo ya kichwa na mikono inayorekodiwa na miwani ya uhalisia pepe, ile inayovaliwa ili kuuona ulimwengu huo, kwa sekunde 100 tu, ilitosha kumtambua mtu mmoja kati ya zaidi ya 55,000 kwa usahihi wa asilimia 94. Jina la bandia halifichi mwendo wa mwili.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa taarifa nyeti, ambazo hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi. Kwa hiyo shule ianze kwa kujisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kisha iandae fomu ya ridhaa inayoeleza taarifa gani zitakusanywa, kwa somo gani, nani atazipokea, seva (kompyuta inayozihifadhi) iko nchi gani, zitafutwa lini, na mzazi afanye nini akitaka kuiondoa ridhaa yake. Fomu hiyo isibanwe pamoja na fomu ya kujiunga na shule, kwa kuwa mzazi anayetafuta nafasi ya mtoto hutia saini chochote anachowekewa mbele. Saini ya mwalimu wa darasa haichukui nafasi ya saini ya mzazi au mlezi; hata kama mzazi yuko kisiwani Ukerewe na kivuko kimechelewa, fomu isubiriwe.

Anayetoa taarifa binafsi za mtu kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni au shirika, faini huanzia shilingi milioni 1 na kufikia bilioni 5. Mwanafunzi mkubwa anayemwandama mwenzake ndani ya ulimwengu huo naye ajue kuwa unyanyasaji wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Mwaka 2015.

Shule isiyotaka taarifa zitoke nje ya nchi ina njia nyepesi, nasi tunashangaa kwamba wachache huifuata. OpenSimulator, programu huria ya kujengea ulimwengu pepe iliyoanza mwaka 2007, husakinishwa kwenye kompyuta ya shule yenyewe na kufanya kazi katika mtandao wa ndani bila intaneti, hivyo mgeni hana mlango wa kuingilia. Second Life, ulimwengu pepe wa mtandaoni uliofunguliwa kwa umma mwaka 2003, uko kwenye seva za kampuni ya Marekani na una masharti yake ya umri, ambayo mwalimu hana mamlaka ya kuyalegeza kwa kuandika mwaka wa kuzaliwa usio wa kweli.

Shule ambayo tayari ilifungua akaunti bila ridhaa isimamishe vipindi hivyo, iombe akaunti zifutwe pamoja na rekodi za sauti, iwaandikie wazazi barua ya kueleza kilichokusanywa, na ndipo ianze upya kwa fomu.