Nyumbu hawana ratiba: mambo niliyochoka kuyasikia kuhusu uhamaji wa Serengeti

Kila ikifika Mei simu yangu huanza kupokea swali lile lile. Linatoka kwa Mtanzania wa Dubai anayetaka kumfurahisha mkewe, kwa Mkenya wa Nairobi anayewaleta wakwe zake kutoka Ujerumani, kwa dada wa Dar es Salaam aliyekabidhiwa kupanga safari ya wakubwa wa ofisi. "Kaka, mwaka huu nyumbu wanavuka Mto Mara tarehe ngapi?" Nikijibu kwamba hakuna tarehe, naonekana ama mvivu ama kazi siijui. Mmoja alinijibu kwamba kampuni nyingine imemhakikishia tarehe 12 Agosti. Nikamtakia safari njema.

Naandika haya ili msimu huu niwe na kitu cha kuwatumia watu badala ya kurudia maneno kwenye simu. Wengi wanaoniuliza hawatafuti safari ya bei chee. Wanataka kambi nzuri, ndege ndogo ya kuwapeleka mbugani, gari la peke yao. Ndiyo maana inauma kuona fedha zote hizo zinapangwa juu ya habari isiyo sahihi.

"Uhamaji ni ule wa kuvuka mto, na una tarehe zake"

Hili ndilo linalonikera kuliko yote. Nyumbu hawaondoki Julai wakarudi Oktoba. Wako njiani mwaka mzima, wanazunguka eneo linaloanzia nyanda za Ndutu na kusini mwa Serengeti, likapanda hadi Maasai Mara ya Kenya, kisha wanashuka tena. Mto ni kipande kimoja cha njia hiyo.

Kinachowavuta ni mvua na majani. Nyanda za kusini mashariki zimekaa nyuma ya milima ya Ngorongoro, na milima hiyo huzuia mvua, kwa hiyo zinapata kama milimita 500 tu kwa mwaka. Lakini udongo wake umetokana na majivu ya volkano za Kerimasi na Ol Doinyo Lengai, na majani yake mafupi yana kalsiamu na fosforasi ambazo jike anayenyonyesha hazipati kwingine kwa kiasi hicho. Tatizo la kule ni maji. Masika yakikatika, vidimbwi vinakauka, yanayobaki ni ya chumvi, na kundi halina hiari ila kuondoka. Kaskazini mambo yamegeuka: mvua inapita milimita 1,000, majani ni marefu na magumu, yana lishe ndogo kuliko ya kusini, lakini Mto Mara unaotoka msitu wa Mau haukauki. Kwa nyumbu, kaskazini ni mahali pa kuvumilia kiangazi. Mvua za vuli zikigusa kusini, wanageuza vichwa.

Kwa wastani, basi, Desemba hadi Machi wako Ndutu na nyanda za kusini, ambako wanazaa. Aprili na Mei wanasogea kupita majabali ya Moru kuelekea Seronera, katikati ya hifadhi. Mwishoni mwa Mei na Juni madume yanapigana, ni wakati wa kupandana, na sehemu ya kundi inapitia magharibi kwenye Mto Grumeti. Julai hadi Oktoba wako kaskazini. Novemba wanashuka kupitia Lobo na upande wa Loliondo. Nimesema kwa wastani. Vuli ikichelewa, wanachelewa. Ikinyesha mapema, unaweza kufika Kogatende, kule kaskazini kwenye Mto Mara, mwishoni mwa Oktoba ukakuta samadi tu.

Haya, tuseme umefika Agosti na nyumbu wapo. Bado hakuna anayejua saa. Kundi linafika ukingoni asubuhi, vumbi limetanda, sauti zao zile za kuguna hazikatiki. Wa mbele wanateremka kwenye korongo, wananusa maji, wengine wanakunywa kabisa, huku wa nyuma wanawasukuma. Pundamilia mmoja anashtuka. Kufumba na kufumbua wote wamepanda juu na wanakula majani kana kwamba mto haupo. Umeshakaa hapo kwa muda wa saa tatu. Saa tisa alasiri, pale pale, nyumbu mmoja ambaye hana sifa yoyote anajitupa majini, na ndani ya dakika ishirini maelfu wameshapita nyuma yake. Usitafute kiongozi wa kundi, hayupo. Na kesho yake unaweza kuwaona wakivuka kurudi walikotoka, kwa sababu usiku mvua ilinyesha ng'ambo ile. Wageni hufikiri ninawatania nikiwaambia hivyo.

Mara nyingine anayeharibu ni sisi. Dereva anayebanwa na wageni, "sogea kidogo, sogea kidogo", anaegesha gari kwenye njia ya kuteremkia, na kundi zima linakata tamaa. Gari likae mbali, injini izimwe, mpaka wa kwanza waingie majini na msururu uwe umekolea. Ukiona dereva wako anafanya hivyo usimharakishe. Mpe bahashishi nzuri.

Ushauri wangu sijaubadilisha kwa miaka: usiku nne mahali pamoja. Siyo usiku mmoja Kogatende, mmoja Seronera na mmoja Ngorongoro, kisha mnilaumu. Hapa ndipo fedha ya safari ya kifahari inapofanya kazi yake. Inanunua kambi iliyo dakika chache kutoka mtoni, na gari ambalo hamgombanii na mgeni mwingine anayetaka kurudi kula. Chakula cha mchana kiwekwe kwenye gari. Anayerudi kambini saa sita kwa ajili ya supu, shauri yake.

Na kama mngenisikiliza kabisa, msingekuja Agosti. Mngekuja Februari, Ndutu. Karibu nusu milioni ya ndama huzaliwa, wengi wao ndani ya wiki chache, kwenye nyanda ambazo unaona mpaka upeo wa macho. Unamwona jike amelala ubavu, kwato za ndama zimeshatoka. Anashtuka, anasimama, anatembea nazo zikining'inia, analala tena. Ndama anadondoka, anajaribu kuinuka, anaanguka kwa pua, anajaribu tena. Kabla hujamaliza kubadilisha betri ya kamera ameshaanza kumkimbilia mama yake, na ni lazima, kwa sababu fisi wako pale wanatazama. Tena upande ulio chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro gari huruhusiwa kuacha njia na kuingia kwenye nyanda. Ukivuka kuingia Serengeti, kuacha njia ni faini. Lakini watu wanataka mto, kwa sababu mto ndio wanaouona kwenye televisheni.

"Mto uko Kenya, kwa hiyo twende Mara"

Mto Mara unatoka Kenya, unaingia Tanzania, unakata kaskazini mwa Serengeti na kuishia Ziwa Victoria. Kogatende iko kusini mwa mto na Lamai iko kaskazini yake, na zote mbili ni Tanzania. Nyumbu anayevuka kutoka Kogatende kwenda Lamai hajatoka nchini. Maasai Mara ni pazuri, sibishi, lakini yenyewe ni kilomita za mraba kama 1,500 na Serengeti ni zaidi ya 14,700. Halafu tangu 2024 mgeni asiye mkazi analipa dola 200 kwa siku kuingia Maasai Mara kuanzia Julai hadi Desemba, na dola 100 miezi mingine. Iweke kwenye hesabu kabla hujaniambia Kenya ni rahisi.

Anayetaka pande zote mbili huja na wazo la kuwafuata nyumbu kwa gari mpaka ng'ambo. Haiwezekani. Hakuna uzio, na nyumbu hagongi muhuri, ila njia ya Bologonja na Sand River imefungwa kwa watalii tangu mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa 1977. Utaratibu ni kuruka kutoka Serengeti hadi Tarime, kwenda kwa gari kuvuka mpaka wa Sirari na Isebania, kisha kupanda ndege nyingine Migori, Kenya. Inaweza kula nusu siku na zaidi, kwa hiyo anayekuja kwa siku tano achague nchi moja.

"Mamba ndio wanaowamaliza"

Mamba wanakula, ndiyo, lakini wanashiba upesi. Watafiti waliochunguza mizoga ya Mto Mara, matokeo yao yakatoka 2017, walikadiria kuwa nyumbu 6,250 kwa wastani huzama kila mwaka wakati kundi linapokanyagana au linapokosea ukingo wa kupandia. Hao wanalisha tai, korongo wa marabu, samaki, na mifupa yao inaendelea kurutubisha mto kwa miaka. Na hata hao ni tone. Katika kundi ambalo hesabu zinazofanywa kutoka angani kwa ndege zimekuwa zikiliweka karibu milioni 1.3, muuaji mkubwa ni njaa ya kiangazi. Haipigiki picha vizuri, ndiyo maana haitajwi.

Simba nao hawahami na nyumbu. Familia ya simba ina himaya yake na inabaki pale, inashiba nyumbu wakipita na kukonda wakiondoka. Anayewafuata ni fisi: anaacha watoto kwenye pango, anasafiri makumi ya kilomita mpaka lilipo kundi, anakula, anarudi kunyonyesha. Huyo ndiye mfanyakazi wa Serengeti, lakini wageni wananiambia dereva apite tu.

"Wamekuwa wakipita hivi tangu dunia iumbwe"

Njia ni za kale. Wingi huu si wa kale. Sotoka, ugonjwa hatari wa ng'ombe, iliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikaua ng'ombe wa wafugaji, ikaua na nyumbu, na iliendelea kuua ndama kwa miongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama robo milioni. Ng'ombe wa vijiji vya jirani walipochanjwa, ugonjwa ukakatika kwa nyumbu pia, na kufikia 1977 walikuwa wamepita milioni moja. Nyumbu wenyewe hawakuchanjwa. Kwa hiyo mgeni anayenung'unika akiona ng'ombe wa Wamaasai Ngorongoro, "wanaharibu mandhari", ajue kwamba bila sindano walizochomwa ng'ombe wa eneo hili asingekuwa na uhamaji wa kutazama.

"Dola elfu moja kwa usiku, halafu tunalala kwenye hema?"

Ndiyo, na ndilo unalopaswa kulitaka. Loji ya zege yenye bwawa la kuogelea haihami. Ikiwa iko Seronera, Agosti utatumia saa nyingi barabarani kwenda Kogatende na kurudi. Kambi ya msimu inang'olewa na kufuata kundi: Ndutu wakati wa kuzaa, kaskazini wakati wa mto. Ndani kuna kitanda halisi, choo cha kuvuta maji, umeme wa jua. Bafu ni la ndoo: unamwambia kijana wa kambi muda unaotaka, analeta maji ya moto, anayapandisha nyuma ya hema, unafungua koki. Watu wanalalamika mpaka waoge mara ya kwanza. Usiku askari anakusindikiza kutoka mezani, na usimbishie.

Swali la maana la kumuuliza anayekuuzia ni moja: tarehe zetu, kambi itakuwa imesimikwa wapi hasa? Akikujibu "Serengeti", mwambie Serengeti ni kubwa. Bei hailetei mtu chui. Wanyama wanaoonwa na aliyepiga hema la kawaida kwenye kambi ya umma ndio hao hao.

Na hili la kwamba safari za namna hii ni za wazungu, tuliache. Raia wa Afrika Mashariki analipa kiingilio cha Serengeti kwa shilingi, tena kiasi kidogo mno ukilinganisha na mgeni, na kambi nyingi zina bei ya wakazi ambayo hawakutajii usipouliza. Uliza. Njoo na kitambulisho. Mwenye pasi ya nje na hana hati ya ukaazi atalipa kama mgeni, hata akiwa amezaliwa Moshi.

Madogo yaliyobaki. Si kweli kwamba masika hakuna cha kuona. Kweli ni kwamba kambi nyingi hufunga Aprili na Mei na udongo mweusi hunasa magari, lakini bei hushuka na nyanda zote ni kijani. Nguo si lazima ziwe za rangi ya kaki, ila ukivaa bluu ya kukoza au nyeusi upande wa magharibi, mbung'o watakuonyesha kazi, maana hata mitego yao hushonwa kwa rangi hizo. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, imepigwa marufuku Tanzania tangu 2019. Na mizigo: ndege nyingi za mbugani zinaruhusu kilo 15, kwenye begi laini, pamoja na kamera. Sanduku gumu la magurudumu haliingii kwenye tumbo la Cessna, litabaki uwanja wa ndege wa Kisongo, Arusha, na rubani hajadiliani.