Hiyo si nguvu mwalimu, hiyo ni kazi tu

Nilipoanza kazi ya gaidansi shuleni, yaani kuwashauri wanafunzi, nilifanya kosa ambalo hadi leo nikilikumbuka nacheka na kuona aibu papo hapo. Nilikuwa nimetoka semina, kichwa kimejaa, nikachapisha ile orodha ya nguvu 24 za tabia ambayo wanasaikolojia wa Marekani Peterson na Seligman waliitoa 2004, ujasiri, udadisi, shukrani, ucheshi na nyingine zote, nikaibandika ukutani kidato cha pili nikawaambia kila mtu achague tano zake. Kufika Ijumaa zilikuwa zishakuwa majina ya utani. Aliyekuwa anachelewa kila siku akaitwa Busara, mwingine mpenda mandazi akaitwa Shukrani, na msichana mmoja wa nyuma karatasi yake ilirudi tupu, chini kaandika kwa penseli: sina.

Nikamwita ofisini (ofisi nasema tu, ni stoo ya vitabu yenye viti viwili). Sikumuuliza habari ya nguvu tena, nilimuuliza leo asubuhi umefikaje shule. Basi akaanza kunihesabia: anaamka saa kumi na nusu, anawasha jiko, uji ukiwa unachemka anamsuka mdogo wake ambaye bado anasinzia, maji ya kuoga alishateka usiku ili asipange foleni asubuhi, mama anatoka saa kumi na moja kuwahi kibarua kwa hiyo wadogo wawili ni yeye wa kuwafikisha kwa jirani, ndiyo aanze sasa kutembea kuja shule. Nikamwambia unaona, hiyo ni nguvu. Akaniangalia kama mtu amesikia upuzi. "Hiyo si nguvu mwalimu, hiyo ni kazi tu."

Na hapo ndipo hizi programu za kuwaonyesha watoto nguvu zao hukwama. Mtoto anajua alipata ngapi kwa hesabu na ni wa ngapi darasani, hayo tumemwambia tangu chekechea, lakini vitu anavyoviweza kila siku havina jina, na kitu kisicho na jina huwezi kukibeba ukakitumie mahali pengine. Kumsifu hakusaidii sana, ukimwambia "wewe ni jasiri" anajua unamfariji tu. Kinachosaidia ni kumrudisha kwenye jambo alilolifanya mwenyewe, umuulize ulifanyaje, na kabla ya hapo, na ilipoharibika ulifanya nini, mpaka asikie kwa mdomo wake kwamba kuna akili ilitumika pale. Huyu msichana tulichukua tu ile ratiba yake ya asubuhi, akachora ya marudio nyuma ya daftari kwa mtindo uleule, nini kinachemka wakati gani. Hakuwa namba moja, msiniulize. Ila aliacha kutoroka pindi za hesabu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko hapa kwetu Kenya, Shamiri, programu ya vikao vya vikundi kwa wanafunzi. Jina ni Kiswahili chetu kabisa, kushamiri, kustawi. Watafiti wake, Tom Osborn na wenzake, walichukua wanafunzi 413 wa sekondari za Nairobi na Kiambu, miaka 13 hadi 18, wote walikuwa na dalili kubwa za dipresheni au wasiwasi, wakawapa vikao vya saa moja kwa wiki nne. Hawakuzungumzia ugonjwa. Walizungumzia kwamba mtu anaweza kukua na kubadilika, shukrani, na mambo ambayo mwenyewe anayathamini. Kundi la kulinganisha nalo lilipewa kitu cha maana, mbinu za kusoma, na makundi yote mawili yalipata nafuu lakini la Shamiri lilishuka dalili zaidi, matokeo yalichapishwa 2021. Halafu waliokuwa wanaongoza vikao hawakuwa madaktari wala sisi walimu, ni vijana waliomaliza sekondari juzijuzi, wa miaka 17 hadi 21. Mimi naamini hiyo ni nusu ya dawa. Mwanafunzi anamwona mtu aliyekalia dawati lilelile majuzi, na tena hakuna anayeonekana akipelekwa kwa mshauri, sababu shule zetu ukionekana mlangoni pangu wanasema umechizi ama una mimba.

Lakini tusidanganyane ati ukileta programu yoyote tu watoto watapona. Uingereza walijaribu kufundisha darasa zima mazoezi ya kutuliza akili na kuzingatia pumzi, utafiti mkubwa wa wanafunzi zaidi ya 8,000, na matokeo ya 2022 hayakuonyesha faida kuliko masomo yao ya kawaida ya stadi za maisha. Mazoezi ya nyumbani wengi hawakuyafanya. Sishangai. Mtu wa miaka 12 ukimwambia akafunge macho apumue na hajakuomba, atakuchukulia kama homuwek nyingine.

Kingine kinachoniudhi ni watu kuchanganya ustahimilivu, yaani kuanguka ukainuka na kutafuta njia, na uvumilivu wa kukaa kimya. Sisi tumelelewa na mvumilivu hula mbivu, basi deputi, naibu wa mwalimu mkuu, akisikia nafundisha watoto kustahimili anafurahi sana, anadhani nawafundisha kunyamaza. Hapana. Mtoto anayechapwa nyumbani au anayelala njaa hahitaji kikao cha kugundua kipaji, anahitaji kula na anahitaji mtu mzima amsimamie, na kama kuna kunyanyaswa ni ripoti kwa ofisi ya watoto siku hiyohiyo. Nguvu zake tutaongea baadaye. Na moja ya nguvu ninazozifurahia nikiziona ni mtoto kusema "mwalimu hapa siwezi, nisaidie", hiyo ni ngumu kuliko kuteka maji saa kumi usiku.

Siku hizi ukutani sibandiki kitu. Nina kikundi cha kumi na wawili, Alhamisi baada ya michezo, chini ya mwembe, kinaongozwa na wawili waliomaliza mwaka jana na mimi nakaa pembeni nikisahihisha madaftari, nikijifanya sisikii. Wiki hii ni ile ya barua ya shukrani, unamwandikia mtu aliyekusaidia na hujawahi kumwambia, na tayari kijana mmoja kaja kuniuliza kama lazima awe mtu, yeye anataka kumwandikia mbwa wao. Nimemwambia aandike, ila aniambie huyo mbwa alifanyaje.