Kwa Nini Kipimo cha Leza Hupunja Jiwe Lenye Shaba Nyingi

Tangu vipimo vya mkononi vya leza vianze kuonekana machimboni, maabara yetu hupokea lalamiko lilelile: "bunduki", yaani kipimo hicho cha mkononi, imesoma shaba kidogo, cheti chetu kinaonesha zaidi, na muuzaji anataka kujua ni nani anayemwibia. Hakuna aliyeibiwa kwa makusudi. (Sizungumzii vipimo vya eksirei, ambavyo vina matatizo yake.)

Leza ikipiga jiwe, chembe ya uso wake hugeuka plazima, yaani gesi yenye chaji za umeme, yenye joto la nyuzi zipatazo elfu kumi, na atomi za shaba hung'aa kwa nguvu kwenye mistari (yaani mawimbi mahususi ya mwanga) ya nanomita 324.75 na 327.40. Wengi hudhani kuwa mwanga ukiongezeka maradufu, shaba nayo imeongezeka maradufu. Dhana hiyo, ambayo nimechoka kuisahihisha dirishani, ni kweli pale tu shaba ilipo kidogo. Mistari hii huishia kwenye hali ya chini kabisa ya nishati ya atomi, ambako ndiko atomi nyingi zilizopoa ukingoni mwa plazima hukaa, nazo huufyonza mwanga unaotoka katikati kabla haujafika kwenye kifaa. Kilele cha mstari kwenye grafu ya kifaa hufupika na kutanuka. Hali ikizidi, hubonyea katikati kikaonekana kama vilele viwili. Malakiti safi, lile jiwe la kijani, ina shaba takriban asilimia 57, hivyo haishangazi kwamba ndiyo inayopunjwa zaidi.

Njia ya kugundua ni rahisi. Plazima isiyojifyonza hutoa mstari wa 324.75 wenye nguvu mara mbili ya ule wa 327.40, uwiano ukishuka kuelekea moja, somo hilo halifai, na mpimaji ahamie mstari wa 521.82, ambao atomi za kuufyonza ni chache.

Anayepinga kipimo alete jiwe lilelile, likiwa kwenye mfuko uliofungwa kwa lakiri mbele ya muuzaji na mnunuzi, pamoja na fomu yenye saini za wote wawili, tarehe, uzito, na namba ya lakiri iliyoandikwa pia juu ya mfuko. Lakiri iliyokatika, hata kama ni kwa bahati mbaya, hurudisha sampuli kwa mwenyewe bila kupimwa, na ada hairejeshwi. Picha ya kioo cha bunduki iliyopigwa kwa simu haipokelewi kama ushahidi, kwa kuwa haioneshi umbo la mstari.